Njia haina kibao na haimo kwenye ramani: je, ninaruhusiwa kupita na chombo changu msituni?

Mgeni wa Njia (mwenye swali)

Habari zenu wanajukwaa. Nimehamia karibu na mmoja wa misitu ya taifa hapa Marekani, na mwaka huu nimenunua chombo cha mtumba cha magurudumu manne, kile chenye usukani, mikanda na viti viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu. Jumamosi iliyopita nilipakua ramani ya njia za vyombo vya moto ya msitu huo, nikaanza safari kwenye barabara ya changarawe iliyoonyeshwa kuwa wazi kwa vyombo vyote, na baada ya mwendo wa kama nusu saa nikafika kwenye njia panda iliyonishinda akili.

Upande wa kulia kuna njia iliyomo kwenye ramani, lakini mdomoni mwake zimesimikwa nguzo mbili za chuma ambazo chombo changu hakiwezi kupita katikati yake. Nilishuka nikapima kwa futi ya mkanda: kutoka ukingo wa nje wa tairi hadi ukingo wa nje wa tairi la pili nina inchi 60, na nafasi iliyopo kati ya nguzo inazidi inchi 50 kidogo tu. Ubavuni mwa nguzo ya kushoto wengine wamekwisha kupita kwa nguvu. Nyasi zimelala, mche mmoja wa msonobari umevunjika shingo, na tope lina chapa za matairi mapana kama yangu. Upande wa kushoto wa njia panda kuna njia nyingine, pana na iliyokanyagwa kwelikweli, lakini haimo kwenye ramani, na haina kibao cha kukataza wala cha kuruhusu.

Mwenzangu niliyekuwa naye alisema kwamba ardhi ya umma ni mali yetu sote, na kwamba pasipo na katazo pana ruhusa. Mimi niliona mashaka nikageuza. Naomba anayefahamu anieleze: ni nani kati yetu aliyekuwa na haki, na kama ni mimi, sababu yake ni nini hasa? Nisingependa kuambiwa tu kwamba sheria ni sheria.

Msoma Ramani

Ndugu, ulifanya vyema kugeuza, na nitajaribu kukueleza kwa nini, kwa sababu hoja ya mwenzako haikutoka hewani. Kwa miaka mingi misitu mingi ya taifa ilikuwa wazi kwa vyombo vya moto isipokuwa pale palipofungwa kwa kibao, kwa hiyo mtu aliyejifunza kuendesha miaka ya themanini alizoea kweli kwamba ukimya wa msitu ni idhini. Utaratibu huo ulikuwa umeanza kutiliwa shaka mapema zaidi. Februari 1972 Rais Richard Nixon alitia saini agizo namba 11644, lililotaka njia na maeneo ya vyombo vya nje ya barabara yachaguliwe kwa namna ya kupunguza madhara kwa udongo, maji, mimea na wanyama, na kupunguza migongano kati ya watumiaji mbalimbali wa ardhi hiyohiyo. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter aliongeza agizo namba 11989, lililowapa wakuu wa mashirika ya ardhi wajibu wa kufunga mara moja eneo ambalo linaonekana kuharibika kwa kiasi kikubwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja Novemba 2005, Idara ya Misitu ilipotoa kanuni ya usimamizi wa usafiri, ambayo ilipindua ule mzigo wa ushahidi. Tangu hapo kila msitu wa taifa uliagizwa kutaja kwa jina au kwa namba barabara, njia na maeneo yaliyo wazi, kwa aina ya chombo na kwa majira ya mwaka, kisha kuyachapa kwenye Ramani ya Matumizi ya Vyombo vya Moto. Kilichomo kwenye ramani hiyo kiko wazi kwa masharti yaliyoandikwa. Kisichomo kimefungwa, kiwe na kibao au kisiwe nacho. Vibao hung'olewa, hupigwa risasi, huangukiwa na miti, kwa hiyo kutokuwepo kwa kibao si utetezi mbele ya hakimu. Kosa hilo linaweza kumgharimu mtu faini ya hadi dola 5,000, au kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili.

Sasa tuje kwenye njia yako ya kulia. Kwenye ramani hizo kuna alama yake maalumu ya njia zilizo wazi kwa vyombo vyenye upana usiozidi inchi 50, yaani kama sentimita 127, na alama nyingine ya njia za pikipiki za magurudumu mawili peke yake. Kipimo cha inchi 50 kilitokana na zile pikipiki za magurudumu manne za kukalia kama farasi, ambazo ndizo zilizokuwa zimeenea wakati huo. Vyombo vya viti viwili vilivyokuja baadaye vilizidi kunenepa, na ndiyo maana wengi walionunua kwa kuvutiwa na nguvu za injini hujikuta mbele ya nguzo kama hizo wakiwa na futi ya mkanda mkononi. Nguzo zile hazikukosewa, na ule mchepuko uliouona pembeni ni kosa lililofanywa na watu waliopima kama wewe, kisha wakaamua tofauti na wewe.

Nakushauri usiishie kuangalia mstari tu. Kila mstari una namba, na namba hiyo ina jedwali lake pembeni mwa ramani linaloonyesha tarehe za kufunguliwa na kufungwa. Nimekutana na watu wenye ramani sahihi mkononi, wakiwa juu ya njia sahihi, katika mwezi ambao si wake. Ramani yenyewe haipendezi. Haina rangi, haionyeshi miinuko, na mtu anaweza kupotea huku ameishika, kwa hiyo chukua nyingine ya kukuonyesha milima. Lakini hutolewa bure na hufanyiwa marekebisho, na ile isiyopendeza ndiyo yenye nguvu ya kisheria. Hayo yote ni kwa misitu ya taifa. Misitu ya majimbo ina kanuni zake, leseni zake na stika zake, na usidhani unachoruhusiwa upande mmoja wa mpaka kinavuka pamoja nawe.

Mzee wa Gia ya Kwanza

Ameeleza vizuri mwenzetu wa hapo juu, nami nitajibu lile la pili uliloliuliza, yaani sababu. Nitakupa mfano mmoja ambao sisi tulioendesha kusini mwa milima ya Appalachia hatuusahau. Katika msitu wa taifa wa Nantahala, North Carolina, kulikuwa na mtandao wa njia za Upper Tellico, kama maili 40 hivi, uliokuwa maarufu kwa miamba na miinuko yake, na watu walikuwa wakisafiri kutoka majimbo ya mbali kwenda kuujaribu. Mwaka 2009 Idara ya Misitu iliufunga moja kwa moja. Haukufungwa kwa sababu ya kelele, wala kwa sababu watembea kwa miguu walilalamika. Ulifungwa kwa sababu ya tope lililokuwa likishuka kwenye vijito vya chanzo cha mto Tellico, ambamo wanaishi samaki wa asili wa jamii ya trauti.

Wengi husikia habari ya tope na samaki wakaiona kama kisingizio, kwa hiyo acha nieleze jambo lenyewe linavyotokea. Udongo wa msituni una vitundu vingi vidogo vinavyopitisha hewa na maji. Tairi linapoupita ukiwa na unyevu, vitundu hivyo hubanwa, udongo hushindiliwa, na mvua ijayo haiingii ndani tena bali hutafuta pa kukimbilia. Pa kukimbilia penyewe ni kule kule ulikopita, kwa sababu tairi limechimba mfereji mdogo. Kwenye mteremko, mfereji wa kina cha vidole viwili hugeuka korongo, kwa kuwa kila mvua hubeba chembe na kuacha kina kikubwa zaidi kwa mvua itakayofuata. Waliojenga njia nzuri walilijua hilo, ndiyo maana ukiangalia utaona vituta vya udongo vilivyokatiza njia kwa mshazari, kazi yake ikiwa ni kuyatoa maji pembeni kabla hayajapata nguvu. Mwendeshaji anayekuja kwa kasi akakitumia kituta kama ngazi ya kurukia, akakikata kilele chake kwa tairi la nyuma, amezibua mlango ambao maji yalikuwa yakiusubiri.

Chembe hizo laini hatimaye hufika kijitoni. Trauti hutaga mayai katikati ya changarawe, ambapo maji safi hupita na kuleta hewa. Chembe za udongo zikijaza zile nafasi, mayai hukosa hewa na kufa, na hutaona samaki hata mmoja akielea juu ili ujue kwamba umeua. Katika Upper Tellico miinuko ilikuwa mikali, mvua nyingi, na vijito vilikuwa karibu mno na njia, na sisi waendeshaji tulizidisha kwa kuendesha hata majira ya mvua, tukipigana picha matope yakiwa yamefika kwenye madirisha. Nami nilikuwa miongoni mwao, na picha ninazo.

Kwa hiyo nitakupa yale niliyojifunza kwa kuchelewa. Ukikuta dimbwi katikati ya njia, usilizunguke. Kila anayezunguka hupanua njia kwa upana wa tairi moja, na baada ya mwaka mmoja unapata dimbwi lililo pana kama uwanja. Shuka, pima kina kwa fimbo, na kama chini ni pagumu pita katikati polepole kwa gia ya chini, bila kuvuruga. Kama chini ni ulegelege, geuza, hata kama umesafiri saa tatu. Kipimo changu ni chapa ya tairi: nikiangalia nyuma nikaona chapa imezama kuliko unene wa kidole gumba, siku hiyo njia haikuwa tayari kunipokea. Kijito kivuke pale tu palipotengwa, na ukivuke kwa kukikata moja kwa moja, usiende nacho sambamba. Kwenye mwinuko, tairi likianza kuzunguka bila kusogea, ondoa mguu kwenye mafuta, kwa sababu tairi linalozunguka papo hapo halikupandishi bali linachimba. Kupunguza upepo wa matairi kidogo, kwa kadiri mtengenezaji anavyoruhusu, huongeza eneo linaloshika ardhi na kupunguza haja ya kulazimisha; usisahau tu kuujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Ukikwama na ukalazimika kutumia winchi, yaani mashine ya kujivuta kwa waya, usifunge waya mtupu kwenye mti. Chini tu ya gome kuna tabaka jembamba ambalo ndilo hukuza mti na kupitisha chakula chake, na waya uliovutwa kwa uzito wa chombo hulikata duara zima. Mti huo utasimama msimu mmoja au miwili, kisha utakauka, nawe utakuwa umesahau. Tumia mkanda mpana, na uchague mti mnene ulio hai.

Bado Ninaendesha

Mimi naomba nipinge kidogo, kwa heshima. Kila mjadala wa aina hii huishia kwa sisi wenye injini kujipiga kifua, ilhali magari ya wakata magogo huacha makorongo ambayo chombo changu hakiwezi kuyachimba hata nikikesha. Pili, kuna watu ambao bila chombo cha moto hawatafika kileleni kamwe. Baba yangu ana magoti yaliyokwisha; kwake kuambiwa kwamba njia imefungwa ila kwa miguu ni sawa na kuambiwa kwamba imefungwa. Tatu, sisi si ombaomba. Tangu mwaka 1991 kuna mfuko wa serikali kuu wa njia za burudani, ambao msingi wake ni kodi ya mafuta yanayochomwa na vyombo vya nje ya barabara, na asilimia 30 ya fedha hizo hutengwa kwa njia za vyombo vya moto huku asilimia 30 nyingine zikienda kwa njia zisizo za injini na asilimia 40 kwa zile zinazochanganya matumizi. Maana yake ni kwamba mwenye baiskeli na mwenye buti wanatembea kwenye njia ambazo sisi tumezichangia kila tunapojaza tangi. Kinachoniudhi ni kwamba mtu mmoja akizunguka nguzo, njia hufungwa kwa watu mia moja ambao hawakuzunguka.

Msoma Ramani

Ndugu yangu, hoja ya mfuko ni ya kweli na inapaswa kusemwa mara nyingi zaidi. Kuhusu mzee wako, nakuongezea jambo ambalo wengi hawalifahamu: kiti cha magurudumu, hata kile cha betri, kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu wa kutembea peke yake na kinachofaa kutumika ndani ya nyumba, hakihesabiwi kuwa chombo cha moto chini ya kanuni ile, na kinaruhusiwa popote panaporuhusiwa miguu. Lakini chombo cha viti viwili hakigeuki kiti cha magurudumu kwa sababu ya anayekiendesha.

Penye wakata magogo sikubaliani nawe sana. Barabara zao hupangwa, mara nyingi hufungwa kazi ikiisha, na kuna mtu anayedaiwa kuzirekebisha. Ile njia ya kushoto aliyoikuta mwenye swali haina mwenyewe. Hakuna aliyeichora kukwepa kijito, hakuna aliyeiwekea vituta, na ikibomoka hakuna bajeti inayoitaja. Ongeza wanyama juu ya hayo. Katika msitu wa majaribio wa Starkey, Oregon, watafiti wa Idara ya Misitu walifuatilia mienendo ya elk, wale kulungu wakubwa wa Amerika ya Kaskazini, huku watu wakipita kwa miguu, kwa farasi, kwa baiskeli na kwa pikipiki za magurudumu manne. Wanyama walikwepa makundi yote, lakini pikipiki ndizo zilizowasogeza mbali zaidi na njia. Kwa hiyo njia moja isiyo rasmi haichukui upana wa matairi mawili tu. Inachukua msitu ulioizunguka pande zote.

Mpanda Farasi

Nasoma nikiwa upande wa pili, kwani mimi huenda msituni kwa farasi, na nitakuwa mfupi. Tukikutana njiani, simama ukiwa bado mbali, zima injini, vua helmeti na uniamkie kwa sauti ya kawaida. Farasi haogopi chombo chako kama anavyoogopa kiumbe kisicho na uso. Akisikia sauti ya mtu, mara nyingi shingo yake hulegea papo hapo. Usiwashe tena mpaka nimekupita na kufika mbali. Ukiwa na wenzako nyuma, nionyeshe kwa vidole wamebaki wangapi, maana ajali niliyowahi kuipata ililetwa na pikipiki ya nne baada ya kuambiwa kwamba walikuwa watatu. Na hizo ekzosi zinazobadilishwa ili zingurume, sijui humfurahisha nani. Majimbo mengi yameweka kikomo cha desibeli 96 kinachopimwa karibu na mdomo wa bomba, na bomba la kiwandani kwa kawaida halikifikii.

Mgeni wa Njia (mwenye swali)

Nawashukuru nyote, hata mliopingana. Jumatatu nilipiga simu kwenye ofisi ya wilaya ya msitu, na mhifadhi aliyepokea alikuwa mpole kuliko nilivyotarajia. Njia ya kushoto ni barabara ya zamani ya magogo iliyofungwa, na lango lake la magogo lilisukumwa kando na watu wasiojulikana. Wanatarajia kuliweka tena pamoja na mawe. Aliniambia pia kwamba kuna njia mbili upande wa mashariki zilizo wazi kwa vyombo vya upana wowote, ambazo kwenye ramani nilikuwa nimezichanganya na alama ya pikipiki. Amenialika siku ya kazi ya kujitolea mwisho wa mwezi, kurudisha vituta na kupanda nyasi pale walipozunguka nguzo, na nimekubali. Mwenzangu wa Jumamosi anasema atakuja kama kutakuwa na chakula.

Swali langu la mwisho: mhifadhi aliniuliza kama chombo changu kina kizuia cheche, nami nikajibu ndiyo bila kujua nasema nini. Nitakitambuaje?

Mzee wa Gia ya Kwanza

Hilo ni muhimu kuliko mengi tuliyoyasema, hasa kiangazi, kwa sababu punje moja ya masizi yenye moto, ikitoka kwenye bomba na kuangukia nyasi kavu, inatosha kuwasha mlima. Angalia kwenye mwili wa ekzosi yako. Vizuizi vilivyoidhinishwa na Idara ya Misitu huwa na maandishi yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe yanayosema hivyo. Kama chombo kilikuwa cha mtumba na bomba limebadilishwa, usiamini maneno ya muuzaji. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua boliti za mdomo wa bomba, vuta kile kikombe cha wavu wa chuma kilichomo ndani, na ukitazame dhidi ya mwanga. Wavu ukiwa mweusi umeziba, uusugue kwa brashi ya waya mpaka uone vitundu. Ukiwa umetoboka au umekatika ukingoni, hata kwa upana wa kalamu, ununue mwingine, maana huo haukamati kitu. Ukiukosa kabisa, kama nilivyoukosa mimi kwenye pikipiki niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa ameutoa ili apate nguvu kidogo, basi usiingie msituni mpaka uwe umeupata.

Na kila ukisimama kupumzika, chungulia chini ya chombo kabla hujaketi. Nyasi kavu hujikusanya juu ya bomba na karibu na kinga ya mkanda wa gia, hukauka zaidi kwa joto, kisha huanguka zikiwa zinafuka moshi. Mimi hubeba koleo fupi na chupa mbili za maji ambazo siruhusu mtu azinywe.